Mfarishi wa Kwanza Tuliufumua Wote

Watoto wa bweni la madrasa yetu hulala katika baridi ya milimani, na ifikapo Juni blanketi moja haliwatoshi. Ndipo kamati ya msikiti ilipotenga fedha za sadaka kununua pamba, bitana na kanga, ili kina mama washone mifarishi.

Wa kwanza ulitoka kwenye cherehani ukipendeza machoni. Tulipougeuza, tulikuta bitana imejaa makunyanzi yaliyoshonewa humo humo. Mzee mmoja alisema mtoto hatazami upande wa chini. Hatukuafikiana naye: mali ya sadaka ni amana, na penye mkunjo ndipo kitambaa huanza kuchakaa. Tuliufumua wote kwa wembe, jioni mbili.

Bibi mmoja, fundi wa siku nyingi, alitwambia kosa halikuwa la cherehani bali la bandi. Alitandika bitana sakafuni, uso wake chini, akaibana kingo kwa utepe wa gundi. Inyooke, alisisitiza, lakini isivutwe. Ikivutwa, hurudi ilikotoka mara utepe ubanduliwapo, na makunyanzi huzaliwa hapo. Aliacha bitana izidi kwa upana wa kiganja kila upande. Juu yake akalaza pamba, akailainisha kwa viganja kutoka katikati, kisha kanga iliyokwisha kufuliwa na kupigwa pasi. (Kanga moja humtosha mtoto, na Bibi hakukubali jina lake likatwe.) Akapiga bandi kwa uzi wa rangi nyingine, akianzia katikati kuelekea kingoni, nafasi baina ya mistari isizidi sentimita 10. Kazi hii ilichukua asubuhi nzima, nasi tuliokuwa na haraka tulinyamaza.

Kwenye cherehani, meno huvuta kitambaa cha chini ilhali mguu hukibana cha juu kikachelewa. Kwa hiyo alipunguza mkazo wa mguu, akarefusha mshono hadi milimita 3, akaanza na mstari wa kati. Pande alizikunja kama mkeka, na uzito wote ukalala mezani. Ukining'inia, huvuta mshono. Bandi hazikutolewa mpaka mstari wa mwisho.

Kufikia Ijumaa iliyopita mifarishi 7 ilikuwa tayari, chini laini kama juu. Imebaki 14, na pamba iliyopo yatosha 9 tu.