Mchaichai: Kiungo cha Chai na Kinga ya Udongo



Leo nataka kuwaeleza habari za mmea ambao wengi wenu mnao karibu na jiko, lakini wachache huutumia kwa faida zake zote. Mmea huo ni mchaichai. Ukiutazama waonekana kuwa nyasi tupu. Lakini vunja jani lake ukalinuse, nawe utasikia harufu ya limau. Sababu yake ni hii: ndani ya majani mna mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni sitrali, kitu kile kile kitiacho harufu katika ganda la limau.

Basi, mmea huu wawafaa nini watu wa Morogoro? Milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake hupita meta 2,600, ni chanzo cha vijito viingiavyo mto Ruvu, na maji ya Ruvu hunywewa hata Dar es Salaam. Mashamba mengi ya Waluguru yapo katika miteremko mikali. Mvua kubwa ikinyesha juu ya udongo ulio wazi, maji huuchukua udongo mzuri wa juu na kuuteremsha mtoni. Mwenye shamba hupata hasara, na anywaye maji huko chini hupata matope.

Mwaka 1950 serikali ya wakati ule ilianza mpango wa kuwashurutisha watu wakate matuta ya ngazi milimani. Kazi ilikuwa nzito, na mara nyingi udongo wa chini usio na rutuba ulifukuliwa ukafunika ule mzuri. Watu walikataa, ghasia zikatokea mwaka 1955, na mpango ukaachwa. Lakini mvua haikuacha kunyesha. Kwa hiyo yatupasa kutafuta njia nyepesi, ambayo mtu huifuata kwa hiari kwa kuwa aiona faida yake. Safu za nyasi zenye mashina mengi, kama mchaichai, ni mojawapo ya njia hizo.

Kwanza, tafuta mstari wa usawa. Chukua fito mbili za futi 6, zifunge juu, zitanue chini, kisha funga ufito wa tatu katikati, upate umbo la herufi A. Tundika jiwe kwa kamba kutoka kileleni. Simamisha chombo hicho, tia alama mahali kamba ipitapo, kisha geuza miguu ibadilishane nafasi, utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Sasa tembea nacho kukata mteremko, ukipigilia vigingi kila kamba isimamapo katikati.

Pili, panda mwanzo wa mvua. Mchaichai hautoi maua ila kwa nadra. Kwa hiyo hupandwa kwa kugawanya shina kuu. Kila kipande kiwe na mizizi, nawe upunguze majani yake. Bustanini acha nafasi ya futi 2 kati ya shina na shina. Katika safu ya kuzuia udongo panda kwa kukaribiana zaidi, ili mashina yaungane upesi. Mmea huu hupenda jua na joto, na huchukia maji yaliyotuama. Huko juu penye baridi, kama Mgeta, hukua polepole kuliko mabondeni.

Baada ya miezi minne hivi waweza kuanza kuvuna. Kata kiasi cha inchi 4 juu ya ardhi, wala usiung'oe, maana mizizi ndiyo ishikayo udongo. Majani ya kuweka akiba yakaushwe kivulini. Jua kali huyapotezea mafuta, na harufu hupungua. Kwa chai, majani mawili matatu mabichi, yaliyofungwa fundo na kuchemshwa kidogo, yatosha birika moja.

Sina budi kuongeza onyo. Wengine huwanywesha wagonjwa wa homa chai hii, wakidhani itaondoa malaria. Chai ya moto humburudisha mgonjwa, lakini haiponyi malaria. Mtoto akishikwa na homa, mpelekeni zahanati siku ile ile akapimwe damu. Kungoja ni hatari. Hali kadhalika, mafuta ya mchaichai huwafukuza mbu, lakini kwa muda mfupi tu, na kuupanda mlangoni hakutoshi. Chandarua chenye dawa kisiachwe.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mfereji mdogo uchimbwao na mvua ya mwaka huu waweza kuwa korongo miaka ijayo. Shina moja la jirani, likigawanywa, laweza kuanzisha safu yako kabla ya masika.