Mwanaanga kuzikwa kijeshi: Tunguu nayo ina sehemu yake

Hapa Ogwedhi, Migori, ninakoandikia safu hii, ukitaja mazishi ya kijeshi watu humkumbuka Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi aliyefariki kwa ajali ya helikopta Aprili 18, 2024. Alizikwa kwao Siaya siku 3 baadaye, bila jeneza, kama alivyousia. Sisi Waislamu wasia ule ulitugusa.

Ogolla alikuwa rubani wa Jeshi la Anga. Vijana huuliza: je, wale waliorushwa kwa roketi nao walikuwa wanajeshi? Mbona nao huzikwa kwa bendera na mizinga ya heshima?

Wale wa mwanzo, ndiyo. Marekani ilipochagua wanaanga wake 7 wa kwanza mwaka 1959, wote walikuwa marubani wa kijeshi wenye kazi ya kujaribu ndege mpya. Yuri Gagarin, Mrusi aliyetangulia watu wote Aprili 12, 1961, naye alikuwa afisa wa jeshi la anga. Ilitakiwa watu waliozoea kasi, hatari na kufuata amri.

Mmoja wa wale 7 ni John Glenn, kanali wa kikosi cha Marines aliyepigana Vita vya Pili vya Dunia na vita vya Korea. Februari 20, 1962 alikuwa Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia: mara 3, kwa muda wa karibu saa 5. Alifariki Desemba 8, 2016 akiwa na miaka 95, akazikwa Aprili 6, 2017 katika makaburi ya Arlington. Kwetu sisi, miezi 4 ni mingi mno kwa maiti kungoja. Lakini tarehe ile ilikuwa na maana kwao: ilitimiza miaka 74 tangu amuoe mkewe, Annie.

Jeneza lilikokotwa kwa gari la farasi, limefunikwa bendera. Bunduki zilipigwa mara 3, desturi iliyotokana na vita vya zamani, pande mbili ziliposimama kuondoa maiti zao. Kisha tarumbeta ikalia ule wimbo wa kuzima taa kambini, bendera ikakunjwa na kukabidhiwa mjane.

Sasa sisi watu wa Pwani tunahusika vipi? Chombo cha Glenn kilikuwa kikizungumza na ardhi kwa redio, na redio ile haikuweza kupenya mgongo wa dunia. Kila kilipozama upeo wa macho, sauti ilikatika. Kwa hivyo vituo vilipangwa kuizunguka dunia, kimoja kikimpokeza mwenzake. Kano, Nigeria, ilipommaliza, alipokelewa na kituo cha Tunguu, Unguja. Kikifuata, meli katika Bahari ya Hindi, halafu Australia. Vituoni mlikuwa na madaktari wakifuatilia mapigo ya moyo wake.

Kituo hicho kilizua ubishi. Makubaliano yalikuwa ya Marekani na Uingereza, Unguja ikiwa bado chini ya Waingereza, na wako wenyeji waliokipinga wakihofia ni kambi ya makombora. Hayakuwamo makombora, ila hofu ya watu wasioshirikishwa haikuwa upuuzi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali mpya ilitaka kiondolewe, na mwaka huo huo kikafungwa.

Jeshi huwaheshimu watu wake kwa kuandika jina, cheo na tarehe, kisha kuzitamka mbele ya umma. Hilo halihitaji farasi wala bunduki, na sisi tunaliweza. Mzee wa Tunguu aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1962 sasa amepita 80. Anakumbuka minara ile, na maneno yaliyosemwa barazani. Wajukuu zake wachukue simu, wamrekodi, kabla hatujaitwa kumswalia.