Mabao ya penalti yahesabiwe vipi kwenye kikosi bora?

Mikese ipo kilomita kama 30 kabla hujafika Morogoro mjini ukitokea Dar es Salaam. Malori yanapita barabara kuu usiku na mchana, milima ya Uluguru inaonekana kwa mbali, na ligi ikikaribia kumalizika, ubishi kwenye vijiwe vya bodaboda ni uleule wa nchi nzima: nani aingie kikosi bora cha msimu? Na je, anayefunga kwa penalti naye ni mfungaji?

Kauli ya kawaida ni hii: "Toa penalti zake, tuone anabaki na mangapi."

Ubishi ulipamba moto msimu wa 2024/25, pale Jean Charles Ahoua wa Simba alipomaliza kinara wa mabao Ligi Kuu Bara akiwa na 16, kadhaa kati yake yakiwa ya penalti. Clement Mzize wa Yanga alimaliza na 14. Watu wa Jangwani wakasema kijana wao ametafuta mabao yake uwanjani, mwenzake katengewa mpira. Wa Msimbazi wakajibu kwamba bao ni bao.

Kwa upande mmoja, wa Msimbazi wako sahihi. Tuzo ya mfungaji bora ni hesabu ya kujumlisha tu. Haiulizi bao limefungwa kwa kichwa, kwa goti au kwa penalti. Msimu wa 2022/23 Fiston Mayele wa Yanga na Saido Ntibazonkiza wa Simba walifungana kwa mabao 17 kila mmoja, na wote wakawa wafungaji bora. Hata Kombe la Dunia lipo hivyo: mwaka 2018 Harry Kane wa England alichukua kiatu cha dhahabu kwa mabao 6, na 3 kati ya hayo yalikuwa penalti.

Kikosi bora ni habari nyingine. Hapo kuna nafasi 11, na watu wanachagua kwa macho na kwa kura, siyo kwa kikokotoo. Ndiyo maana majibu yake huwa yanashangaza. Msimu wa 2021/22 Mohamed Salah wa Liverpool na Son Heung-min wa Tottenham walimaliza Ligi Kuu ya England na mabao 23 kila mmoja. Salah alikuwa na penalti 5, Son hakuwa na hata moja. Wachezaji wenyewe walipopiga kura ya kikosi bora cha chama chao, Salah aliingia. Son aliachwa nje.

Kwa hoja ya kijiweni, hiyo ilitakiwa iwe kinyume kabisa. Lakini wapiga kura hawakuangalia penalti peke yake. Salah aliongoza pia kwa pasi za mabao msimu ule.

Sasa penalti ina thamani gani hasa? Mpira unawekwa mita 11 kutoka golini, na kipa haruhusiwi kuuacha mstari kwa miguu yote miwili kabla haujapigwa. Kwenye ligi kubwa duniani, katika kila penalti 100 zinazopigwa, kama 75 hadi 80 huingia. Maana yake mpigaji wa kawaida tu, ukimpa penalti 8, utategemea afunge 6.

Chukua mfano wa kubuni. Mchezaji amefunga mabao 16, na 8 ni ya penalti, zote alizopiga. Mpinzani wake atasema tumfutie yote 8. Shabiki wake atasema tumhesabie yote 8. Wote wamekosea. Timu ingempa mtu mwingine mpira ule, ingepata kama mabao 6 hivi. Kwa hiyo alichoongeza yeye kwa utulivu wake ni mabao 2. Siyo sifuri, na siyo 8. Na aliyepiga 8 akafunga 5 ameigharimu timu, hata kama kwenye jedwali anaonekana ana mabao mengi.

Faulo usiichanganye na hiyo. Pale kuna ukuta umesimama mita 9.15, kuna umbali, kuna kona finyu. Faulo za kupiga moja kwa moja golini zinaingia chini ya moja kati ya kumi. Ile ya Stephane Aziz Ki dhidi ya Simba Oktoba 23, 2022, iliyosawazisha na kuifanya mechi iishe 1-1, haiwezi kuwekwa kapu moja na penalti eti kwa sababu mpira wote ulikuwa umesimama.

Kuna jambo lingine ambalo vijiwe vingi vinalisahau: Ahoua na Mzize hawagombei kiti kimoja. Ahoua ni kiungo mshambuliaji, Mzize ni mshambuliaji. Kikosi bora kinapangwa kwa nafasi, kwa hiyo Ahoua anatakiwa apambanishwe na viungo wenzake. Ndiyo maana msimu wa 2023/24 ulikuwa wa aina yake. Waliokuwa juu kwenye mabao walikuwa viungo wawili, Aziz Ki mwenye 21 na Feisal Salum wa Azam mwenye 19. Pale kweli ulikuwa unalinganisha watu wa kazi moja.

Halafu kuna suala la timu ndogo, na hili kwa watu wa Morogoro linauma. Penalti inatoka kwenye boksi la mpinzani, na timu inayoshinda humo dakika zote ndiyo inayopewa nyingi. Mshambuliaji wa Mtibwa Sugar, mabingwa wa 1999 na 2000 kutoka Turiani, hawezi kutengewa mipira mingi kama mpigaji wa Simba au Yanga. Ukihesabu mabao jumla bila kuangalia yametokaje, unampunja yeye kwanza. George Mpole alipoibuka mfungaji bora 2021/22 kwa mabao 17 akiwa Geita Gold, bao moja mbele ya Mayele, watu walishtuka kwa sababu hiyohiyo. Na kwa kijana wa timu ya mkoani, jina kwenye kikosi bora ndilo linaloweza kumletea simu ya klabu kubwa.

Pamoja na hayo yote, anayesema penalti ni rahisi akumbuke Pretoria, Aprili 5, 2024. Yanga na Mamelodi Sundowns zilitoka 0-0, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika ikaenda kwenye matuta. Aziz Ki, mtu ambaye wiki chache baadaye alimaliza kinara wa mabao nchini, alikosa ya kwake. Dickson Job na Ibrahim Bacca nao wakakosa. Yanga ikatolewa 3-2.