Neno la Pili: Njia Nyingine ya Mgeni Kutufikia

Kila kitu kina jina alilolizoea mwenyewe, na pengine kina jina jingine alilolizoea mnunuzi. Majina hayo yakikutana, biashara hufanyika. Yakipishana njiani, mwenye mali hukaa na mali yake, na mwenye fedha hukaa na fedha zake. Leo mgeni wa mbali huanza safari yake kwa kuandika maneno mawili matatu katika intaneti. Kwa hiyo yafaa sisi wakulima tulijue jambo hili vizuri.

Mfano kutoka njia ya misafara

Goweko ni stesheni ya Reli ya Kati, mashariki ya Tabora, katika Wilaya ya Uyui. Watu wa nchi ile si wageni kwetu. Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri wa misafara, na wengi wao walikuja visiwani kufanya kazi katika mashamba ya karafuu.

Mwezi wa Novemba 1857 Richard Burton na John Speke walifika kwenye makao ya wafanya biashara wa Kiarabu huko Unyanyembe. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 Burton alipaita mahali pale Kazeh. Wasafiri wengine walisema Unyanyembe tu, kwa jina la nchi nzima. Na leo sote twasema Tabora. Basi tuseme mtu wa Goweko ameandika ukurasa mzuri wa kuwakaribisha wageni katika njia ya misafara, lakini amelitaja jina la Tabora peke yake. Msomaji wa Burton, aliyeko Ulaya, ataandika "Kazeh", na huenda asiuone ukurasa ule kabisa. Tabora ni neno kuu la ukurasa. Kazeh ni neno la pili.

Mtambo unavyopanga kurasa

Mtambo wa kutafutia, kama Google ulioanzishwa mwaka 1998, huzisoma kurasa mapema na kuziweka katika faharasa, mfano wa ile iliyo mwisho wa kitabu. Mtu akiuliza, mtambo huzipanga kurasa kwa daraja. Hutazama maneno yaliyomo, kichwa cha habari, na viungo vinavyoelekea huko kutoka kurasa nyingine. Mitambo ya siku hizi hufahamu maneno mengi yenye maana moja, lakini kwa majina ya mahali na ya kazi za wenyeji ni salama zaidi kuyaandika wewe mwenyewe.

Neno kuu aghalabu hugombewa na wengi. Neno la pili huulizwa na watu wachache, lakini washindani nao ni wachache. Na mara nyingi yule anayeliuliza anajua hasa anachokitaka.

Kwa upande wetu

Karafuu kavu twaziuza kwa Shirika la ZSTC, lakini wako wakulima wanaopokea wageni mashambani, na wageni hao hutafutwa kwa intaneti. Neno kuu ni "matembezi ya viungo Zanzibar", nalo linagombewa na makampuni mengi ya utalii. Mkulima wa Pemba akishindana nao kwa neno hilo peke yake, atakaa nyuma sana. Neno lake la pili laweza kuwa "mavuno ya karafuu Pemba". Hapo ana jambo asilokuwa nalo mwenye ofisi mjini, yaani shamba lenyewe.

Hatua zenyewe ni hizi.

Kwanza, tazama ni maneno gani yanayokuletea watu sasa. Google ina chombo kiitwacho Search Console, kisicho na malipo, kinachomwonyesha mwenye ukurasa maneno hayo na daraja analolipata kwa kila neno. Ukikuta neno ambalo umekuwa wa 12 au wa 15, hilo ndilo la kulifanyia kazi, maana umekwisha karibia.

Pili, amua kama neno hilo lahitaji ukurasa wake. Jiulize: mtu huyu ataka kitu kile kile kwa jina jingine, au ataka kitu kingine? Anayeuliza Kazeh na anayeuliza Tabora ya zamani wanataka habari moja. Ukurasa mmoja unawatosha. Lakini anayetaka kutembelea shamba si yule anayetaka kujua mafuta ya makonyo hupatikanaje. Hao wapewe kurasa mbili.

Tatu, usiliondoe neno kuu katika kichwa cha habari. Neno la pili lipe kichwa kidogo ndani ya ukurasa, kisha chini yake ujibu swali kwa ukamilifu: msimu unaanza lini mwaka huu, mgeni ataonaje kuchuma, kuchambua na kuanika, afike kwa njia gani, na alale wapi.

Nne, katika kurasa zako nyingine weka kiungo kwa maneno yenyewe, "mavuno ya karafuu Pemba", wala si "bonyeza hapa".

Tano, ngoja majuma kadhaa, kisha utazame tena. Hakikisha neno la pili limepanda, na neno kuu halikushuka.

Mambo ya kuepuka

Usirudie neno mara ishirini katika aya moja, wala usilifiche kwa herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe. Mitambo huyatambua hayo na huushusha ukurasa. Usiandike kurasa mbili kwa neno moja na haja moja, maana zitashindana zenyewe kwa zenyewe. Wala usimlipe fundi akujazie orodha ya maneno ya siri nyuma ya ukurasa; tangu mwaka 2009 Google imetangaza kwamba haiitumii orodha hiyo katika kupanga daraja.

Lililo kubwa halihitaji fundi. Kila mgeni afikapo shambani, muulize aliandika maneno gani hata akakupata, na uyaandike katika daftari kama alivyoyatamka. Baada ya msimu mmoja utakuwa na orodha iliyotoka kwa wageni wenyewe, nawe utajua neno lako la pili.