Maambukizi ya Uzazi kwa Mjamzito (Sehemu ya Pili): Kaswende Iliyofichwa na VVU

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi tiba ilivyomnusuru mtoto wa mama mwenye VVU. Bila kinga yoyote, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na akina mama hao, 15 hadi 45 huambukizwa wakiwa tumboni, wakati wa uchungu au kwa kunyonya. Mwaka 1994 utafiti wa Marekani na Ufaransa ulionesha kwamba dawa ya zidovudini hupunguza hatari hiyo kwa theluthi mbili. Mwaka 1999 matokeo kutoka Mulago, Kampala, yakaonesha kwamba dozi moja ya nevirapini kwa mama na nyingine kwa mtoto hupunguza maambukizi kwa karibu nusu, ikilinganishwa na kozi fupi ya zidovudini. Mwaka 2011 Malawi ikathubutu kumwanzishia kila mjamzito mwenye VVU dawa za maisha yote bila kusubiri kinga yake ishuke, na nchi nyingine zikafuata. Huo ni ushindi, na hakuna sababu ya kuubeza. Hoja yangu leo ni kwamba ushindi huo umetuzoesha kukiangalia kirusi kimoja na kuyapa kisogo magonjwa mengine yanayopita njia ileile ya uzazi, hasa kaswende. Bingwa wa uzazi aliyebobea katika VVU, ambaye haitafuti kaswende kwa bidii ileile, ameifanya kazi yake nusu.

Ushahidi mzito kuliko wote umetoka hapahapa kwetu, Mwanza. Mwaka 2002 watafiti walichapisha matokeo ya wanawake waliojifungua bila kuwahi kupimwa kaswende katika ujauzito wao. Miongoni mwa wale ambao damu yao ilionesha kaswende kali iliyo hai, mmoja kati ya wanne alijifungua mtoto mfu. Miongoni mwa wasio na kaswende, alikuwa mmoja kati ya mia. Watafiti hao walikadiria kwamba kaswende pekee ilibeba karibu nusu ya vifo vyote vya watoto waliozaliwa wafu katika kundi lile. Kisha wakawafuatilia wajawazito waliogunduliwa na kutibiwa kwa sindano moja ya penisilini ya benzathini, yuniti milioni 2.4, dawa ya zamani isiyo ghali. Hatari yao ya kumpoteza mtoto haikuzidi ya mwanamke asiye na ugonjwa. Katika tiba nzima ya uzazi ni nadra kukuta dawa ya bei ndogo namna hii inayoleta tofauti kubwa namna hii.

Kwa nini basi kaswende haitajwi kama VVU? Nadhani jibu limo katika namna magonjwa haya mawili yanavyomshika mtoto. VVU humpata zaidi wakati wa kuzaliwa na wa kunyonya. Mtoto huyo anaishi, anapimwa, anaandikishwa kliniki, anakuwa mgonjwa mwenye kadi. Bakteria wa kaswende huvuka kondo la nyuma mapema na kumuua mtoto akiwa bado tumboni, au kumtoa kabla ya siku zake. Mtoto huyo anazikwa kimyakimya, na ndugu wanaambiwa mimba imeharibika. Mara nyingi hakuna anayeuliza sababu. Takwimu nazo hujengwa na waliohesabiwa, na fedha za wafadhili hufuata takwimu.

Wapo watakaonijibu kwamba kutibu magonjwa ya zinaa ni hoja iliyokwishapimwa na kushindwa. Wanayo sababu. Mwaka 1995 utafiti mwingine wa Mwanza ulionesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa hayo vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Miaka minne baadaye, utafiti wa Rakai, Uganda, ambako jamii nzima zilipewa dawa kila baada ya miezi kadhaa, haukuona punguzo lolote la VVU. Mjadala ulikuwa mkali, na sehemu ya maelezo ni kwamba njia zilitofautiana na janga la Rakai lilikuwa limekomaa zaidi. Lakini hata tukiwapa wapinzani wetu ushindi katika swali la VVU, swali la mtoto bado lipo. Wajawazito wa Rakai waliopewa dawa hizo walizaa watoto wachache zaidi wenye uzito pungufu. Matibabu yasiyozuia VVU yanaweza kabisa kumwokoa mtoto, na kwa daktari wa uzazi hilo linatosha kuwa sababu.

Pingamizi la pili ni la kitaalamu zaidi. Kipimo cha haraka kinachopima VVU na kaswende kwa tone moja la damu, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza mwaka 2019 kiwe kipimo cha kwanza kliniki, husoma askari wa mwili wanaobaki kwenye damu hata baada ya mtu kupona. Kwa hiyo baadhi ya wanawake watachomwa sindano ambayo hawakuihitaji. Ni kweli. Lakini pima gharama za makosa haya mawili: upande mmoja ni maumivu ya paja na, kwa nadra, mzio mkali, ambao kituo chenye adrenalini kinaweza kuukabili; upande wa pili ni maiti ya mtoto. Kumwambia mama arudi wiki ijayo kwa kipimo cha uhakika maana yake, mara nyingi, ni kutomwona tena. Atibiwe siku ileile.

Husemwa pia kwamba kosa ni la wanawake wenyewe, wanaokuja kliniki wakiwa wamechelewa. Kuchelewa kuna madhara, kwa sababu penisilini humlinda mtoto vizuri ikitolewa angalau siku 30 kabla ya kujifungua. Hata hivyo makadirio ya dunia ya mwaka 2016 yanaelekeza kidole kwingine: kati ya mimba takriban 355,000 zilizodhurika kwa kaswende, zaidi ya nusu zilikuwa za wanawake waliohudhuria kliniki na hawakupimwa. Walikuja. Sisi ndio hatukuwachukua damu, au kipimo kilikuwa kimekwisha kabatini.

Kazi hii haihitaji bingwa katika kila zahanati. Inamhitaji mkunga mwenye kipimo na penisilini, na bingwa anayehakikisha vyote viwili havikosekani na kwamba mwenza naye anatibiwa, maana mama aliyetibiwa peke yake huambukizwa upya nyumbani. Msomaji mjamzito, au mume wa mjamzito, mkifika kliniki msiridhike na jibu la VVU peke yake. Ulizeni jibu la kaswende, na likionesha maambukizi msiondoke kabla nyote wawili hamjachomwa sindano.

Itaendelea.