Mlima Uliposhuka Gendabi



Mwezi huu twapenda kusema nanyi habari ya hofu, na habari ya Mungu akaaye pamoja na watu wake wakati wa hofu. Ni rahisi kunena neno hili siku ya jua. Lakini iko nchi ambayo neno hili lilijaribiwa sana, nayo ni Gendabi na Katesh, chini ya Mlima Hanang. Tuwatazame ndugu zetu wa huko, tupate kujifunza.

Mlima Hanang wapanda juu zaidi ya mita 3,400. Tangu zamani watu wakaao chini yake, Wairaqw na Wabarabaig na wengine waliohamia, wameutazama kwa shukrani, maana humo hutoka maji ya mashamba na ya mifugo. Hata ikafika Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha. Mapema asubuhi, kabla watu hawajatoka kwenda ibadani, sehemu ya mlima ilikatika ikashuka. Tope zito, mawe makubwa na miti mizima vilifuata njia za maji, vikaingia Gendabi, vikaingia Jorodom, vikafika mjini Katesh. Nyumba zilizolewa, mashamba yakafunikwa, mifugo ikapotea. Waliokufa walihesabiwa 89, na walioumia walipita 100.

Katika kalenda ya Kanisa siku hiyo ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, siku ambayo Wakristo huanza kumngojea Emanueli, ambaye jina lake lasema ya kuwa Mungu yu pamoja nasi. Basi wengi wakauliza, na swali lao si dhambi: Je! asubuhi ile alikuwa wapi?

Kabla hatujajibu, na tuondoe kwanza majibu yasiyofaa.

Wako wasemao, "Waliokufa walikuwa na dhambi kuliko wengine." Bwana Yesu mwenyewe alikwisha kulikataa neno hilo. Walipoletwa mbele yake habari za watu waliokufa, aliwakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakana kwamba walikuwa wabaya kuliko majirani zao. Someni Luka 13. Tope la Hanang halikuchagua kabila wala dini, mtoto wala mzee. Amhukumuye marehemu kwa namna alivyokufa aongeza jeraha juu ya jeraha.

Wako tena wasemao kwamba mlima umekasirika. Hao tuwajibu kwa upole: mlima ni kiumbe, hauna hasira wala huruma. Wengine walidhani ya kuwa moto wa chini ya ardhi umeamka, kwa kuwa Hanang ni volkano ya zamani. Wataalamu walichunguza, wakaeleza ya kuwa haukuwa moto. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinywa maji mengi hata isiweze kujishika. Ikaporomoka, ikazoa kila iliyokuta njiani. Ni vema kuyajua hayo na kuwafundisha watoto, kwa sababu hofu hukua gizani, na maarifa ni taa.

Na wa tatu humwambia mfiwa, "Usilie, mwenye imani haogopi." Lakini Bwana alilia kaburini pa Lazaro, hali akijua atakalolifanya. Wanafunzi wake walipopatwa na dhoruba chomboni walipiga kelele kwa hofu. Aliwaonya kwa uchache wa imani yao, ni kweli. Walakini hakuwaacha wazame kwanza ndipo awaonye. Alikuwamo chomboni tangu mwanzo, naye alilowa maji yale yale.

Basi, neno letu ni hili. Mwimbaji wa Zaburi ya 46 hakuahidi kwamba milima haitatikisika. Aliiona katika mawazo yake ikiondoka mahali pake, naye akamwita Mungu kimbilio. Ahadi si kwamba mlima utakaa; ahadi ni kwamba Mungu atakaa. Kwa nini hakuuzuia mlima asubuhi ile, hatujapewa kujua, na mwalimu asijifanye ajua. Lakini alikokuwa kwaonekana. Eliya pale Horebu hakumkuta katika upepo, wala katika tetemeko, wala katika moto. Alimtambua katika sauti ya utulivu iliyofuata.

Na huko Hanang, baada ya kishindo, palifuata nini? Majirani walichimbua tope kwa mikono na majembe. Askari wa jeshi walikuja kutafuta waliofukiwa. Waganga na wauguzi walifanya kazi mchana na usiku. Madarasa ya shule yalifanyika malazi ya wasio na nyumba, na magari yalileta unga, mablanketi na nguo kutoka mikoa mingi. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifika akaomboleza pamoja na wafiwa. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, alikatisha safari yake, akafika Hanang tarehe 7 Desemba. Baadaye Serikali na Msalaba Mwekundu walijenga nyumba zaidi ya 100 mahali paitwapo Waret, mbali na njia ya tope. Hatusemi kwamba hayo yafuta msiba. Nyumba mpya haimrudishi mama. Lakini aliyelala njaa akapewa uji na mtu asiyemjua, ameguswa na mkono wa Mungu, hata kama mkono ule ulikuwa na matope.

Sasa twawapa shauri nyumba zote zenye hofu, ziwe za Hanang au za mahali pengine.

Kwanza, mtoto akiamka usiku kwa kishindo cha mvua juu ya bati, akauliza kama mlima utashuka tena, msimnyamazishe wala msimdanganye. Mwambieni, "Nasi twasikia hofu. Tuko pamoja nawe, na Mungu yu pamoja nasi sote." Kisha mwombe kwa maneno machache, mkimshika mkono.

Pili, kumtumaini Mungu si kukaa katika mkondo wa maji. Shetani alimshauri Bwana ajitupe toka kinara cha hekalu, akakataa, kwa maana hilo ni kumjaribu Mungu. Katika vuli ya mwaka 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa onyo la mvua kubwa za El Nino. Basi sikieni maonyo, jueni njia ya kukimbilia, msijenge korongoni, na msikate miti ya mlimani. Nuhu alimwamini Mungu, naye alijenga safina kabla ya mvua.

Tatu, kumbukeni wafiwa baada ya umati kuondoka. Siku za kwanza wageni ni wengi. Mwaka wa pili mjane huketi peke yake. Nendeni mkamlimie, mpelekeeni kuni, mlitaje jina la marehemu wake bila kuogopa machozi.

Kila mwaka Majilio huanza karibu na tarehe ile ya msiba. Ndiyo maana huko Gendabi jina la Emanueli hutajwa karibu na makaburi, wala si vibaya, kwa kuwa yeye mwenyewe alilazwa kaburini kabla ya kufufuka. Mungu wa faraja na awakae nyumbani mwenu, mvua inyeshapo na inapoanuka.