AMRI YA KUKUA: KUTOKA MPAKANI MWA SELI HADI NDANI YA KIINI

Ni askari wachache wanaomaliza utumishi wao bila kovu mwilini. Mmoja alikatwa na panga akifyeka majani kambini, mwingine alichanwa na seng'enge mazoezini, na mwingine alipigwa risasi akiwa kazini. Kila mmoja atazamapo kovu lake huikumbuka siku aliyoumia. Lakini ni nadra mtu kujiuliza: ni nani aliyeiamuru nyama ile iote tena? Na ni nani aliyeiamuru ikome kuota, hata pale mahali pakabaki kovu tu, pasiwe na rundo la nyama?

Swali hili si la mchezo. Amri ya kukua ikikosekana, jeraha halifungi. Amri hiyo isipokoma, mwili hupatwa na saratani. Kati ya mambo hayo mawili ndipo ulipo uzima wetu.

MATARISHI WA MWILI

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, yaani vyumba vidogo vilivyo hai visivyoonekana kwa macho matupu. Kila seli imezungukwa na utando ulio kama ukuta wa kambi. Ndani yake, katika seli zilizo nyingi, mna kiini, ambamo zimehifadhiwa jeni, yaani maandishi ya kazi zote ambazo seli yaweza kufanya. Seli haigawanyiki ovyo. Hungoja amri, na amri hiyo huletwa na protini ndogo ziitwazo protini za ukuaji.

Askari akijeruhiwa, chembe sahani za damu hukusanyika penye jeraha na kuziba mishipa iliyokatika. Papo hapo humwaga protini ya ukuaji ijulikanayo kwa herufi PDGF. Protini hiyo huziita seli zinazounga nyama zije mahali pale, kisha huzihimiza zigawanyike. Seli nyeupe za damu nazo hufika, zikala vijidudu na uchafu, na kutoa protini nyingine za ukuaji. Hivyo kazi ya ujenzi huendelea hata baada ya damu kuganda.

UGUNDUZI WAKATI WA VITA

Elimu hii ilianza kupatikana katika shida za vita. Rita Levi-Montalcini, daktari wa mji wa Turin nchini Italia, alifukuzwa kazi chini ya sheria za ubaguzi za mwaka 1938 kwa sababu alikuwa Myahudi. Hakukata tamaa. Alifanya chumba chake cha kulala kuwa maabara, akanoa sindano za kushonea zikawa visu vyake, akachunguza neva za vifaranga ambao bado wamo mayaini. Mabomu yalipozidi alihamia mashambani na kazi yake. Wajerumani walipoingia Italia mwaka 1943, alikimbilia Florence akaishi kwa kujificha, na mwaka 1944 akawatibu wakimbizi wa vita.

Mwaka 1947 alikwenda St. Louis, Marekani. Huko aligundua kwamba uvimbe fulani wa panya hutoa kitu kinachozifanya neva ziote kwa kasi. Mwenzake, Stanley Cohen, alikisaka kitu hicho, akakipata kwa wingi katika sumu ya nyoka na katika tezi za mate za panya dume. Cohen akaona pia kuwa vitoto vya panya vilivyodungwa maji ya tezi hizo vilifumbua macho siku kadhaa kabla ya wakati wake. Akatambua kuwa humo mna protini nyingine inayokuza ngozi. Hiyo ndiyo EGF, yenye asidi amino 53 tu. Mwaka 1986 wote wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

AMRI INAVYOPITISHWA

Kwa kawaida protini ya ukuaji haiingii moja kwa moja katika kiini. Hufika kwenye utando na kukutana na kipokezi chake, ambacho ni protini iliyochomoza nje na kuzama ndani, mfano wa mlinzi wa lango anayetazama pande zote mbili. EGF ikishikana na kipokezi chake, vipokezi viwili huungana na kutiana alama za fosfeti upande wa ndani. Alama hizo huiamsha protini iitwayo Ras. Ras huiamsha Raf, Raf huiamsha MEK, na MEK huiamsha ERK. Kila moja humpasha jirani yake habari, kama askari wanaopokezana amri kutoka lindo hadi lindo. Mwishowe ERK hupita katika matundu ya kiini, na jeni za kazi ya kugawanyika huanza kusomwa. Miongoni mwa protini zinazotengenezwa kwanza ni Fos na Myc, ambazo nazo hurudi kiinini kuziamsha jeni nyingine.

Katika seli yenye afya amri hii ina mwisho. Ras hujizima baada ya muda mfupi, ikisaidiwa na protini nyingine. Alama za fosfeti hufutwa. Kipokezi humezwa na seli, kisha husagwa au hurudishwa langoni. Askari ataelewa upesi maana ya jambo hili: amri ya kufyatua risasi isiyofuatwa na amri ya kusitisha ni maafa.

TARISHI ANAPOINGIA KIININI

Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba protini ya ukuaji na kipokezi chake kazi yao huishia langoni. Baadaye ilidhihirika kuwa sivyo hivyo daima. Iko protini ya ukuaji iitwayo FGF2, ambayo seli huitengeneza kwa vimo mbalimbali kutokana na maandishi yale yale. Ile fupi hutoka nje kuzipelekea habari seli nyingine. Zile ndefu zina kipande cha ziada kilicho kama anwani ya kiini, nazo huingia humo bila kutoka nje kwanza. Ndugu yake, FGF1, yaweza kutoka nje ya seli, ikamezwa pamoja na kipokezi, kisha ikapenya hadi kiinini.

Hata kipokezi cha EGF kimeonekana ndani ya kiini, hasa katika seli zinazogawanyika kwa kasi, kama zile za ini linalojijenga upya baada ya kukatwa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa humo chaweza kushiriki katika kuziamsha jeni. Katika baadhi ya saratani, wagonjwa ambao kipokezi hiki ni kingi viinini mwao wameonekana kuwa na hali mbaya zaidi.

AMRI ISIYOKOMA

Mfano mkubwa wa amri isiyokoma ulitoka Uganda. Denis Burkitt, aliyekuwa daktari wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, alifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Huko aliwaona watoto waliovimba mataya, na mwaka 1958 akaandika habari za uvimbe huo, ambao baadaye uliitwa kwa jina lake. Mwaka 1982 wataalamu walipata siri yake iliyomo kiinini: kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni ya Myc kimekatika na kuhamia mahali pengine, mara nyingi kwenye kromosomu ya 14, karibu na jeni za kinga ambazo katika seli hizo husomwa usiku na mchana. Myc basi hutengenezwa bila kungoja tarishi yeyote. Amri imetolewa bila kamanda, wala hakuna wa kuitangua.

Saratani nyingine huharibika hapo njiani. Ras iliyokwama huonekana katika takriban saratani moja kati ya kila tano. Katika baadhi ya saratani za matiti, kipokezi kiitwacho HER2 huzidi mno langoni; dawa ya trastuzumab, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998, hukishika na kukizuia. Kwa upande mwingine, PDGF iliyotengenezwa maabara iliruhusiwa huko huko mwaka 1997 kwa vidonda vya miguu vya wenye kisukari, lakini hairuhusiwi kupakwa mahali penye saratani. Dawa moja yaweza kujenga hapa na kubomoa pale.

FUNZO KWETU

Ndugu askari, elimu hii ina faida kwako leo. Jeraha chafu huziweka seli katika kazi ya ujenzi isiyokwisha, kwa kuwa vijidudu hubomoa kila kinachojengwa. Donda ndugu lililoachwa kwa miaka mingi laweza kugeuka saratani ya ngozi, na jambo hilo limeonekana mara nyingi katika miguu ya watu wa Afrika. Kwa hiyo jeraha lioshwe kwa maji safi na sabuni, lifunikwe kwa kitambaa safi, na mwenye nalo afike zahanati. Asipake udongo, mafuta ya gari wala baruti. Kidonda kisichofunga kwa majuma kadhaa, uvimbe unaoendelea kukua, au kovu la zamani linaloanza kutoa damu, visionewe haya.

Wapo wanaodhani kuwa kuficha kidonda ni ushujaa. La! Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Askari hodari huripoti hatari angali mapema, na hatari iliyo mwilini mwake ni ya kwanza kuripotiwa.